Kupunguza mkanda wa chuma wa saa nyumbani: kwanza ujue pini imeshikwa na nini

Saa ya mkono yenye mkanda wa chuma hutoka kiwandani ikiwa na pingili nyingi kuliko anazozihitaji mvaaji wa kawaida, kwa sababu mtengenezaji hamjui atakayeivaa, na mkanda mrefu hupunguzika ilhali mfupi hauna dawa ila kutafutiwa pingili za ziada. Anayenunua dukani hupunguziwa palepale. Lakini saa si chache zinazovaliwa Unguja na Pemba hazikununuliwa na wavaaji wake: zimeletwa na ndugu kutoka Maskati au Dubai, zimetolewa kuwa zawadi ya harusi, au zimerithiwa kwa mzee ambaye mkono wake ulikuwa mnene zaidi. Saa ya namna hiyo huteremka mpaka mzizi wa kiganja kila mkono unaposhushwa, na mwenyewe, hasa akiwa anakaa Makunduchi au Micheweni, hujiuliza kama ipo haja ya kufunga safari kwenda kwa fundi saa wa mjini kwa kazi ya dakika chache.

Mara nyingi haja hiyo haipo. Kazi hii haihitaji nguvu wala vifaa vya gharama, na mtu mwenye mikono iliyotulia anaweza kuimaliza barazani kwake kabla ya jua kupanda. Kinachoharibu mikanda ni kugonga kabla ya kutazama. Kwa nje mikanda ya chuma hufanana, lakini ndani yake pingili hushikana kwa njia mbalimbali, na tendo linalofungua mkanda wa njia moja ndilo linalouvunja mkanda wa njia nyingine: anayegonga skrubu huharibu meno yake, anayekoroga pini kwa bisibisi huisokota, na anayesukuma pini kutoka upande usio wake huikaza zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makala haya inahusu namna ya kuutambua mkanda, na sehemu ndogo tu inahusu kuugonga.

Kupima kabla ya kufungua

Mkono wa mtu hauna kipimo kimoja kwa mwaka mzima, wala kwa siku nzima. Joto hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na mkono ukavimba kidogo, na unyevunyevu wa pwani, unaozuia jasho kukauka, huuongezea mvaaji hisia ya kubanwa. Wakati wa kaskazi, joto la mchana katika visiwa hivi hupita nyuzi 30, na miezi ya kusi, kuanzia Juni, huwa na nafuu. Anayepunguza mkanda asubuhi moja ya Julai, akaukaza vizuri kama apendavyo, ataona Februari unamwachia alama kwenye ngozi. Wakati unaofaa kupima ni alasiri, mkono ukiwa umeshapata joto la siku, na kama kazi inafanywa wakati wa kusi ni busara kuacha nafasi kidogo zaidi ya ile inayoonekana kutosha.

Kwa waumini liko pia suala la udhu. Maji sharti yafike kwenye ngozi iliyo chini ya saa, na watu wamegawanyika katika namna ya kulitekeleza hilo. Wako wanaoivua saa kila wanapotawadha, na wako wanaoisogeza juu na chini ili maji yapite. Huyu wa pili anahitaji mkanda uliolegea kiasi cha kusogea bila kuvutwa kwa nguvu. Yule wa kwanza anaweza kuukaza zaidi, lakini bizimu lake hufunguliwa na kufungwa mara kadhaa kwa siku, na kwa hiyo pini za bizimu lake ndizo zitakazochoka mapema kuliko kitu kingine chochote kwenye mkanda. Kipimo ambacho mafundi wengi hukitumia ni kidole cha mwisho: kikiingia baina ya bizimu na mkono bila kulazimishwa, mkanda umekaa mahali pake.

Ziada yenyewe hupimwa kwa kuvaa saa, kuigeuza ili uso wake ukae katikati ya mgongo wa mkono, kisha kuubana mkanda kwa vidole chini ya mkono mpaka ukae unavyotaka. Sehemu iliyobaki imekunjika ndiyo inayotakiwa kuondoka. Katika saa nyingi pingili moja ina urefu wa milimita 6 hadi 10, na ndani ya bizimu huwa na safu ya matundu madogo ambayo kila moja hurefusha au kufupisha mkanda kwa milimita chache tu. Hesabu basi hufanywa kwa pamoja. Tuseme ziada ni milimita 20, pingili moja ni milimita 8, na matundu ya bizimu yamepishana kwa milimita 2. Ukitoa pingili mbili umepunguza 16, na zile 4 zilizobaki huondolewa kwa kuhamisha pini ya bizimu matundu mawili kuelekea katikati ya bizimu. Anayesahau matundu haya hujikuta akichagua baina ya mkanda unaobana na unaoteleza, akadhani mkanda ndio mbaya. Tena ni vyema pini ya bizimu ibaki mahali penye tundu angalau moja la akiba kila upande, ili kaskazi ikija mvaaji aulegeze kwa ncha ya kijiti bila kugusa pingili tena.

Baada ya kujua idadi ya pingili za kutoa, huja swali la upande. Mkanda una nusu mbili, moja inaanzia upande wa tarakimu 12 na nyingine upande wa tarakimu 6. (Nazungumzia tarakimu zilizochapishwa usoni mwa saa, kwa hesabu yetu hizo ni saa sita na saa kumi na mbili, na mtu anaweza kukata upande usiokusudiwa akichanganya.) Pingili zikiwa shufwa, toa idadi sawa kila upande. Zikiwa witiri, ada ya mafundi ni kuitoa ile moja ya ziada upande wa tarakimu 6, lakini mkono wa mtu si mviringo kamili, na hakimu wa mwisho ni bizimu lenyewe: likae katikati ya sehemu ya chini ya mkono, lisiegemee upande wa kidole gumba wala upande wa kidole cha mwisho. Likiegemea, uso wa saa nao utazunguka kuelekea upande mmoja siku nzima.

Si kila pingili hutoka. Zile zilizo karibu na saa yenyewe kwa kawaida zimeshindiliwa kiwandani zisitoke, na zinazoruhusu kutolewa ni chache zilizo karibu na bizimu. Hizo ndizo zenye mishale midogo kwa ndani au vichwa vya skrubu kwa pembeni. Pingili isiyo na alama yoyote iachwe.

Njia ambazo pingili hushikana

Geuza mkanda utazame upande wake wa ndani, unaogusa ngozi, kisha utazame kingo zake kwenye mwanga wa mchana, ikiwezekana kwa kioo cha kukuza. Unatafuta mambo mawili: mishale, na ufa mdogo kwenye vichwa vya pini.

Mkanda rahisi kuliko yote hauna pingili za kutoa. Saa za Casio za kidijitali za aina ya A158, ambazo zimeenea sana, zina bizimu linaloteleza juu ya mkanda, na kinacholizuia ni kibati kidogo chenye meno. Kibati huinuliwa kwa ncha ya bisibisi bapa, bizimu likasogezwa, kisha kibati kikabonyezwa chini mpaka kilie. Mikanda iliyosukwa kwa waya laini nayo hurekebishwa kwa njia hiyo hiyo. Mwenye saa ya namna hii asinunue kifaa chochote.

Kisha kuna pini iliyopasuka, ambayo huonekana katika saa nyingi za bei ya chini na ya kati. Ni waya uliokunjwa ukawa na miguu miwili iliyobanana. Upande mmoja umefunga, na upande mwingine umeachana kidogo. Miguu hiyo ndiyo inayojitanua ndani ya tundu na kuishikilia pini isitoke. Mshale ulio ndani ya pingili unaonyesha njia ya kutokea. Pini husukumwa kufuata mshale, na wakati wa kurudisha huingizwa kinyume cha mshale, ncha iliyofunga ikitangulia. Sababu yake inaeleweka ukiifikiria: ikiingia hivyo, siku ya kuitoa tena chombo kitasukuma ile ncha nzima, na miguu iliyoachana itatangulia kutoka. Ukiigeuza, utakuwa unagonga miguu yenyewe, nayo itatanuka zaidi ndani ya tundu.

Hapa ndipo penye mtego unaowapata wengi. Ule upande wa pini uliopasuka, ukitazamwa kutoka nje, unafanana kabisa na mfereji wa kichwa cha skrubu. Mtu huchukua bisibisi, akazungusha, na pini ikajisokota bila kutoka. Dalili za kutofautisha ziko mbili. Kichwa cha skrubu kwa kawaida ni kipana kuliko mwili wake na kimezama katika kijishimo cha duara, ilhali pini haina kichwa, unene wake ni ule ule. Ya pili ni mshale: mkanda wa skrubu hauhitaji mshale, kwa hiyo ukiuona mshale, weka bisibisi chini.

Njia ya tatu ni pini na kibomba, na inastahili maelezo marefu kuliko nyingine kwa sababu ndiyo inayowashinda watu wanaodhani wameshaielewa kazi. Saa nyingi za Seiko na baadhi za Citizen hutumia njia hii. Pini yake ni sindano iliyonyooka, laini, nyembamba kuliko tundu inamopita, na peke yake haishiki kitu. Kinachoishika ni kibomba kidogo cha chuma, chembamba kama punje ya mtama, kinachokaa kwa kawaida ndani ya kipande cha kati cha pingili. Pini hupenya ndani ya kibomba kwa kubanwa, na msuguano huo ndio unaofunga mkanda mzima. Sasa pini inaposukumwa nje, kibomba kinaweza kubaki ndani, kinaweza kutoka pamoja nayo, na kinaweza kudondoka kimyakimya pingili zinapoachana. Asiyejua kuwa kipo hatakitafuta. Atarudisha pini, ataona imeingia vizuri mno, atavaa saa, na siku chache baadaye pini itachomoza pembeni na saa itaanguka.

Kwa hiyo mkanda wa Seiko usifunguliwe juu ya mkeka wala jamvi, maana kitu kidogo kikiingia baina ya miyaa hakionekani tena. Tandika kitambaa cheupe ndani ya sinia lenye ukingo, na fanya kazi yote humo. Kabla ya kugonga, piga picha kwa simu upande wa pini. Baada ya kutoa, tazama ndani ya kila tundu kuona kibomba kimebaki upande gani, na upige picha tena. Wakati wa kurudisha, kibomba huwekwa kwanza mahali pake ndani ya kipande cha kati, pingili zikapangwa, ndipo pini ikaingizwa. Alama ya kuwa umefanya sawa ni ukinzani: pini itaingia kwa kidole mwanzoni, lakini mahali fulani itakataa, na kutoka hapo itahitaji kugongwa polepole. Ikiingia yote kwa kidole, simama, kwa sababu kibomba hakipo au kimekaa vibaya.

Njia ya nne ni skrubu, na ndiyo inayotumika katika saa za gharama, zikiwamo Rolex za sasa. Kanuni yake ni bisibisi yenye ncha inayojaza mfereji wote kwa upana, kwa kawaida milimita 1.2 hadi 1.6. Ncha nyembamba hupanda kingo za mfereji na kukichonga kichwa, na kovu hilo litaonekana kila unapotazama saa. Skrubu hizi aghalabu zimetiwa gundi kiwandani ili zisilegee, na skrubu isiyokubali kuzunguka haitaki nguvu, inataka joto. Joto la kikaushia nywele likielekezwa kwenye pingili kwa muda mfupi hutosha kuilainisha gundi. Ukiamua kutumia maji ya moto, vua kwanza mkanda kwenye saa uuloweke peke yake, maana hata saa iliyoandikwa kuwa haiingizi maji, mipira yake ya kuzibia haikuandaliwa kwa maji ya moto wala kwa mvuke. Wakati wa kurudisha, safisha meno ya skrubu, kisha tia tone moja la gundi ya skrubu ya nguvu ndogo, mfano Loctite 222 yenye rangi ya zambarau. Gundi nyekundu ni ya mashine kubwa, na gundi ya kawaida ya kuunganishia vitu vilivyovunjika isikaribie mkanda kabisa. Mikanda ya titani ihurumiwe zaidi, kwa kuwa meno ya skrubu za titani huweza kung'ang'aniana na kukwama yakikazwa yakiwa makavu.

Iko mikanda yenye skrubu pande zote mbili za pingili, zikikutana ndani ya bomba moja. Hiyo inataka bisibisi mbili, moja ikishika na moja ikizungusha, la sivyo kitu kizima kitazunguka bila kufunguka.

Za mwisho ni mikanda inayovutika, yenye springi ndani, ambayo wazee wengi bado wanaivaa kwa sababu haina bizimu na hupita kiganjani bila kufunguliwa. Kampuni ya Speidel ya Marekani ndiyo iliyoipa umaarufu kwa mkanda wake wa Twist-O-Flex ulioanza kuuzwa mwaka 1959. Pingili zake ni vijisanduku vilivyopangwa safu mbili na kuunganishwa kwa vikulabu vyenye umbo la herufi U. Ili kutoa kipande, hukunjuliwa ndimi za vijisanduku kwa juu upande mmoja na kwa chini upande mwingine, kisha vikulabu huteleza kwa ubavu. Kazi yenyewe si ngumu, lakini bati la ndimi hizo ni jembamba na halipendi kukunjwa mara nyingi. Pima kwa uhakika, ukunjue mara moja.

Vifaa, na vya kuazima

Kwa mikanda ya pini, kinachohitajika ni kisukumio, yaani sindano ya chuma yenye ncha bapa ya kipenyo kidogo kuliko cha pini, nyundo nyepesi, na kitu cha kulaza mkanda chenye tundu chini yake ili pini ipate pa kutokea. Seti ndogo za vifaa hivi huuzwa kwa bei nafuu, na kasoro yake ni kuwa visukumio vyake hupinda upesi, kwa hiyo chagua seti yenye ncha za akiba. Kilazio si lazima kinunuliwe: seremala yeyote atakukatia kipande cha mti mgumu chenye mfereji wa upana wa mkanda na tundu dogo katikati yake, na kipande hicho hushika mkanda vizuri kuliko vilazio vya plastiki. Vipo pia vifaa vinavyosukuma pini kwa kuzungushwa badala ya kugongwa, na kwa mikanda iliyopakwa dhahabu hivyo ndivyo ninavyovipendelea, kwa sababu nyundo ikiteleza mara moja tu rangi hutoka na shaba ikaonekana.

Watu hutumia sindano ya kushonea kuwa kisukumio. Ncha yake kali huingia katikati ya pini na kuipanua badala ya kuisukuma, na chuma chake kigumu huvunjika ghafla, kipande kikaruka. Msumari nao ni laini, hujikunja. Hivi ni vitu vya kuepukwa, na anayevitumia avae miwani.

Pini ya springi iliyomo kwenye bizimu inahitaji tahadhari ya namna yake. Ni bomba dogo lenye ncha mbili zinazoingia ndani zikibonyezwa, na springi yake ina nguvu ya kutosha kuirusha upande wa pili wa chumba. Bonyeza ncha moja kwa kijiti au kifaa chembamba huku kidole cha mkono mwingine kimefunika bizimu, au fanya kazi hiyo mikono ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ili pini ikiruka ibaki humo.

Mpangilio wa kazi ni huu: fungua kwanza bizimu upande mmoja ili mkanda ulale bapa, sukuma pini mbili zinazoizunguka pingili ya kutolewa, si moja, unganisha ncha zilizobaki, rudisha bizimu. Mapigo ya nyundo yawe mepesi na mengi. Kisukumio kikae wima kabisa, maana kikiinama kitakwaruza ukingo wa tundu.

Chumvi ya visiwani

Mikanda ya huku hufunguka kwa shida kuliko ile ya nchi kavu, na sababu yake ni chumvi. Chuma kinachotumika zaidi ni kile cha daraja la 316L, chenye kromi ya asilimia 16 hadi 18, nikeli ya asilimia 10 hadi 14 na molibdeni ya asilimia 2 hadi 3. Kromi hufanya utando mwembamba usioonekana unaozuia kutu, na utando huo hujitengeneza upya ukikwaruzwa maadamu hewa inaufikia. Lakini ndani ya tundu la pini hewa ni kidogo, na maji ya bahari au jasho yakikaa humo yakakauka, yakaja mengine yakakauka tena, chumvi hujikusanya, na kloridi iliyomo huushambulia utando pale pale ambapo hauwezi kujirudisha. Matokeo yake ni vishimo vidogo na uchafu mweusi au wa rangi ya kutu unaoziba baina ya pini na pingili. Pini zenyewe aghalabu ni za chuma cha daraja la chini kuliko pingili, na ndizo zinazoanza kuliwa. Mkanda wa shaba iliyopakwa kromi hauli kutu, lakini rangi yake ikishatoka hutoa ukijani na kumwashia ngozi mwenye mzio wa nikeli.

Mkanda wa mvuvi, wa mwogeleaji, au wa mtu ambaye hakuwahi kuuosha tangu aupate, usigongwe siku ya kwanza. Uvue kwenye saa, uuloweke katika maji ya uvuguvugu na sabuni, uusugue kwa mswaki laini pande zote huku ukizikunja na kuzikunjua pingili, kisha uukaushe. Pini ikiwa bado haiondoki, tia tone la mafuta mepesi ya kupenya kutu pande zote mbili za tundu na uiache mpaka kesho yake. Pini iliyokwama ikigongwa kwa hasira hupinda ndani ya tundu, na hapo hata fundi ataitoa kwa kuichoma kwa keekee.

Usafi huu una faida nyingine. Mikanda ya zamani hulegea mpaka ikishikwa kwa ubavu huinama, na watu husema chuma kimevutika. Chuma hakivutiki kwa uzito wa saa. Ni mchanga na chumvi vilivyokuwa vikizunguka pamoja na pini kila mkono ulipotikisika, vikazila pini na matundu yake kidogo kidogo. Kutoa pingili kutaurudisha mkanda kwenye urefu unaofaa, lakini hakutaondoa mlegeo huo. Anayetoka baharini akaisuuza saa yake kwa maji baridi ya mfereji huuchelewesha kwa miaka.

Kazi za kumwachia fundi

Mikanda ya kauri isigongwe kabisa, kwa kuwa kauri haikwaruziki kwa urahisi lakini hupasuka, na pingili moja iliyopasuka hupatikana kwa mtengenezaji peke yake. Dhahabu halisi ni laini na makosa yake ni ghali. Saa iliyo ndani ya muda wa dhamana ni bora ipelekwe kwa muuzaji. Mafundi wazuri hawajakosekana Darajani wala Chake Chake, na malipo ya kupunguza mkanda ni madogo. Ila hata ukienda kwao, dai pingili zako na pini zake urudi nazo.

Pingili hizo zihifadhiwe pamoja na pini zilizotoka ndani yake, si pini za popote. Mikanda mingi hupungua upana kadiri inavyokaribia bizimu, mathalani kutoka milimita 20 kwenye saa hadi 18 au 16 chini, na pini ya mahali papana itachomoza ikitiwa mahali pembamba, na ya mahali pembamba haitafika upande wa pili ikitiwa mahali papana. Bahasha ndogo iliyoandikwa upande zilikotoka, 12 au 6, inatosha.

Baada ya kazi, pitisha ukucha kwenye kingo zote mbili za mkanda. Pini isiyozama sawasawa itaukwaza. Tikisa saa karibu na sikio usikilize kama kuna kitu kinacholia. Shika kila kiungo ulichokifungua ukivute kwa nguvu ya kawaida ya mikono. Siku za mwanzo ivae ukiwa nyumbani, usipande nayo daladala wala boti, na kila jioni rudia kupitisha ukucha. Pini ikichomoza mara moja, irudishe na uikaze, na kwa ile iliyopasuka unaweza kutanua miguu yake kidogo sana kabla ya kuirudisha. Ikichomoza tena mahali palepale, tatizo haliko kwenye pini bali kwenye tundu lililopanuka, na hapo pingili nzima ndiyo inayobadilishwa kwa mojawapo ya zile zilizomo kwenye bahasha.